Fidia Ilibaki Miami, Gari Likaja Kampemba

Kuna watu hapa duniani ambao gari lao likionekana na kasoro, posta inawaletea barua. Si barua ya deni wala ya kodi. Ni barua ya kuwaeleza kwamba wameshinda kesi ambayo hawakuifungua, chini ya wakili wasiyemjua, katika mji ambao huenda hawajaukanyaga, na sasa wanaombwa kwa heshima wajaze fomu ili walipwe. Wapo wanaoitupa barua hiyo bila kuifungua, wakidhani ni tangazo la duka. Mimi watu hao siwachukii. Nawaonea kijicho tu, kijicho cha wazi, cha mchana.

Kijicho chenyewe kililetwa na taa. Kwenye tablo ya gari langu kuna taa nyekundu yenye mchoro wa mtu ameketi, na mbele ya kifua chake dude la mviringo. Mama watoto alipoiona mara ya kwanza aliuliza gari linampongeza nani kwa mimba. Jina la gari sitalitaja, maana waliolitengeneza wana mawakili wengi kuliko nilivyo na bolti. Niseme tu kwamba limetoka Japani, kama magari mengi ya hapa Lubumbashi, na usukani wake uko kulia katika nchi ambayo watu wote wanatakiwa kuendesha upande wa kulia. Maana yake, nikitaka kulipita lori la tindikali kwenye barabara ya Likasi, mimi sioni kitu. Anayeona ni abiria wangu wa kushoto. Yeye ndiye anayechungulia na kusema "enda" au "bado", na ndoa yangu imejengwa juu ya maneno hayo mawili.

Nililipeleka kwa fundi, huko mtaa wa Katuba, garaji ya chini ya mwembe. Fundi huyu ana heshima na mkono mwepesi, lakini kila ugonjwa wa gari kwake una dawa moja: kuondoa kitu. Aliinama, akaitazama taa, akanyanyuka.

"Papa, ile haiko pane. Motokari inatembea, hapana?"

"Inatembea. Lakini taa inawaka."

"Basi tutatosha ampuli. Hautayiona tena."

"Na kama kuko hatari?"

"Hatari iko mu barabara, papa. Haiko mu taa."

Nilimzuia mkono ukiwa tayari umeshika bisibisi. Nikarudi nyumbani na taa yangu inawaka, nikampigia simu shemeji. Shemeji ni wakili. Mji mzima unamwita Metre, na mimi pia namwita hivyo ninapotaka asinitoze. Nilimuuliza swali dogo tu: taa ya mfuko wa hewa inaweza kumfanya mtu atajirike? Akacheka, kisha akanisimulia habari iliyoninyima usingizi.

Kulikuwa na kampuni ya Japani iliyoitwa Takata. Ilianza miaka ya 1930 ikifuma vitambaa, ikaingia kwenye mikanda ya magari, ikaishia kuwa fundi mkubwa wa mifuko ya hewa. Mfuko huo unatakiwa kufura kabla kichwa chako hakijaufikia usukani, kwa hiyo nyuma yake kuna kopo la chuma lenye kemikali ya kulipuka. Takata walichagua nitrati ya amonia kwa sababu ni rahisi. Sasa, hapa Katanga mtoto wa mchimbaji haelezwi nitrati ya amonia ni nini. Ndiyo inayochanganywa na mazuti ili kupasua miamba kwenye machimbo ya shaba. Baba zetu walikuwa wanakaa mbali nayo, wanapiga king'ora, wanajificha, ndipo inawashwa. Wenzetu wameiweka kwenye usukani, sentimita chache kutoka kifuani mwa mtu anayekwenda kumchukua mtoto shule.

Kemikali hiyo ina tabia moja mbaya: ikikaa miaka mingi kwenye joto linalopanda na kushuka, na unyevu ukaipata, inaharibika. Siku ikiitwa kazini inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na badala ya kupata mto wa kulaza kichwa unapata vipande vya chuma. Nchini Marekani peke yake watu zaidi ya 25 wamekufa hivyo, wengine mamia wamejeruhiwa, baadhi yao katika ajali ambazo bila huo mfuko wangeshuka wakitukanana tu na kwenda zao. Magari yaliitwa kurudi kiwandani, kuanzia 2008 machache, kisha mamilioni kwa makumi. Hakuna wito wa namna hiyo uliowahi kuwa mkubwa hivyo tangu gari livumbuliwe.

Joto na unyevu, Metre alisema, tena kwa sauti ya mtu anayesoma menyu. Mimi nilitazama nje. Ilikuwa Oktoba, bati linalia kwa jua, na wote tunajua Novemba mvua inaanza na haiachi hadi Aprili.

Januari 2017 Takata ilikubali mbele ya serikali ya Marekani kwamba ilidanganya matokeo ya majaribio, ikakubali kulipa dola bilioni moja. Juni mwaka huohuo ikafilisika. Lakini utamu hauko hapo. Utamu uko Miami, kwenye mahakama ya shirikisho, ambako wenye magari waliunganishwa wakawa mshtaki mmoja. Hoja yao haikuwa kwamba wameumia. Walioumia walikuwa na kesi zao. Hawa walisema: tumelipa bei ya gari salama, tukapewa gari lenye bomu, turudishiwe tofauti. Na pia: kupeleka gari kubadilishwa mfuko kumetupotezea siku ya kazi. Mei 2017 Toyota, Subaru, Mazda na BMW zikakubali kutoa dola milioni 553 hivi, Toyota peke yake milioni 278.5. Honda ikafuata na milioni 605, Nissan na milioni 98 hivi, Ford na milioni 299.

Soma tena, taratibu. Mtu alipeleka gari litengenezwe bure, kisha akalipwa mshahara wa siku aliyokosa. Na kama alimwachia mtu watoto ili aende garaji, alilipwa hata ile pesa ya kulea watoto. Kilipobaki kitu kwenye mfuko wa fidia, aliweza kugawiwa hadi dola 500 juu yake. Mimi nikienda garaji ya Katuba namlipa fundi, namlipa kijana aliyekwenda kununua kipuri, namnunulia fundi soda kwa sababu jua ni kali, na mama watoto ananidai maelezo.

Nilimuuliza Metre hao watu walifanya nini cha ajabu mpaka wakapata hayo yote. Akasema hawakufanya kitu, na hapo ndipo penye ufundi. Sheria yao, Kanuni ya 23 kama ilivyoandikwa upya mwaka 1966, inaruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wote wenye shida ileile. Ukiwa na gari la aina hiyo, umo ndani ya kesi hata kama umelala. Asiyetaka ndiye anayeandika barua kujitoa. Kwetu, alisema, kila mtu anashtaki kwa jina lake, kwa gharama yake, na kwa miguu yake.

"Basi niandikie barua kule Miami," nikamwambia. "Gari ninalo. Taa inawaka."

"Shemeji, fidia ile ni ya waliomiliki au kukodi magari hayo Marekani."

"Na bomu?"

"Bomu halikusoma masharti."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunielea, nikakasirika vizuri. Kasoro ya gari inasafiri, fidia haisafiri. Gari likiwa changa kwao, kila mtu anajua nani mwenye kosa na ofisi yake iko mtaa gani. Likizeeka linauzwa kwa mnada, linapakiwa melini, na madai yote yanashuka bandarini kule linakotoka. Sisi tunalipokea kama mpangaji anayekabidhiwa nyumba pamoja na deni la umeme la aliyehama.

Hebu fuata njia ya gari langu. Mjapani mmoja, nadhani mzee mwenye nidhamu, alilinunua jipya na kulifuta kila Jumapili. Akaliuza. Likaingia mnadani, likanunuliwa na kampuni ya kusafirisha nje, likavuka bahari hadi Dar es Salaam. Pale likashikwa na dereva wa kazi hizo, likapanda Tunduma, likaingia Zambia kwa Nakonde, Kapiri Mposhi, Kitwe, Chingola, likafika Kasumbalesa limejaa vumbi na biskuti. Forodha. Karatasi. Karatasi nyingine. Kisha kilomita takriban 90 hadi mjini, ambako lilioshwa, likapakwa tairi rangi nyeusi, na kuwekwa kwenye uwanja wa kuuzia. Komisionera, yaani dalali wa magari, akanipokea pale mlangoni kwa mikono miwili: "Patro, hii haijagusa barabara ya Afrika." Lilikuwa limetoka kugusa kilomita zaidi ya elfu moja na mia nane za barabara hiyohiyo.

Nimshtaki nani kati ya hao? Mzee wa Japani hana kosa, yeye alifuta tu. Komisionera anasema hakuniuzia, alinionyesha. Mwenye uwanja anasema gari lilikuwa la mtu mwingine, yeye ana uwanja. Mtu mwingine yuko safarini, na kwa jinsi wanavyomzungumzia, ameondoka siku nyingi na hajulikani anarudi lini. Risiti yangu inasema "gari moja, katika hali yake ilivyo". Nilipoisoma siku ile niliona ni lugha nzuri.

Metre, ili kunituliza, aliniambia kwamba sheria ipo. Sheria yetu ya mikataba inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika: mnunuzi anaweza kurudisha kitu akarudishiwa bei, au abaki nacho akarudishiwa sehemu. Ila aende mahakamani upesi, na muuzaji asiwe ameandika kwamba hatoi dhamana yoyote. Nikafurahi. Nikauliza sheria hiyo ni ya lini. Akasema ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888.

Nimefuatilia tarehe hiyo mwenyewe, kwa sababu mtu mwenye hasira anakuwa mtafiti hodari. Tarehe 5 Agosti 1888, siku sita baadaye, huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua gari la mumewe Karl bila kumuaga, akawapakia watoto wake wawili wa kiume, na kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kilomita 106 hivi. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ndefu ya kwanza ya gari duniani. Njiani mafuta yalikwisha, akanunua kwenye duka la dawa. Mrija wa mafuta ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia. Waya ukawa unagusa chuma, akaukinga kwa kifungo cha soksi. Breki zikaisha, akamwambia fundi viatu azivalishe ngozi. Mwanamke huyo leo angepewa kazi Katuba asubuhi na kuwa mkuu wa garaji jioni.

Kwa hiyo sheria itakayonitetea mimi na gari langu ilisainiwa kabla mtu yeyote hajawahi kuharibikiwa na gari safarini. Mji wetu wenyewe ulikuwa bado, ulianza 1910. Waliotunga walikuwa wanafikiria farasi kilema na pipa linalovuja. Siwalaumu. Nawalaumu waliofuata, ambao wameona malori, mabasi na magari ya Japani yakijaa hadi Ruashi, na hawajaona haja ya kuongeza walau aya moja.

Msidhani naabudu mambo ya kule. Huko kwao pia fidia ina vichekesho vyake, na nimevikusanya kwa furaha ya mtu aliyenyimwa. Miaka ya 1990 General Motors ilishtakiwa na wenye magari ya kubebea mizigo, kwamba matangi ya mafuta yamewekwa pabaya na yanaweza kuwaka gari likigongwa ubavuni. Suluhu iliyopendekezwa? Kuponi ya dola 1,000 ya kununulia gari jingine jipya la haohao. Mahakama ya rufani iliikataa mwaka 1995, na mimi nawapongeza majaji. Kisha wenye Ford Explorer, lile gari lililosifika kwa kupinduka: katika kesi iliyosikilizwa Sacramento, California, wenye haki ya kuponi ya dola 500 walikadiriwa milioni moja, na waliozitumia mwanzoni walikuwa 75. Mawakili hawakupewa kuponi. Mawakili walipewa fedha taslimu, mamilioni. Metre aliposikia hivyo alinyamaza kwa muda, nikaona macho yake yanakwenda mbali, hadi Sacramento.

Wala haihitaji kufika Marekani. Afrika Kusini, huko huko yanakotoka malori yanayotubana Kasumbalesa, magari ya Ford Kuga yalikuwa yanashika moto. Januari 2017 kampuni iliita magari 4,556 yarudi. Mwishowe, baada ya tume yao ya walaji kulivalia njuga jambo hilo, Ford ikakubali faini ya randi milioni 35. Kwa hiyo joto la Afrika si kisingizio, wala umaskini. Kinachotakiwa ni ofisi yenye meza, na mtu nyuma ya meza ambaye hajatoka.

Nilitaka angalau kujua kama taa yangu ina sababu. Nikaingia intaneti usiku, umeme ulipokuwepo, kwenye ukurasa wa serikali ya Marekani wa kukagua magari yaliyoitwa. Unaingiza namba ya chasi, unaambiwa. Ukurasa ukadai herufi na tarakimu 17. Gari langu halina 17. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani yana namba fupi: herufi na tarakimu chache za aina ya gari, kistari, halafu tarakimu nyingine. Kwa macho ya Wamarekani gari langu halijazaliwa. Japani wenyewe wana ukurasa wao unaoipokea namba hiyo, lakini uko kwa Kijapani, na mimi Kijapani changu kinatoka kwenye redio ya gari, ambayo kila asubuhi inanisemesha sentimita arobaini kutoka sikioni na mimi naijibu "ndiyo, mama".

Ndipo nikakuta jambo lililonikalisha. Kuanzia Mei 2018, Wizara ya Uchukuzi ya Japani iliamua kwamba gari lenye mfuko wa Takata wa hatari ambao haujabadilishwa halipiti ukaguzi wa lazima. Uamuzi mzuri, hauna ubaya wowote. Ila mimi si mpelelezi, ni mtu wa mtaani Kampemba tu, nauliza: gari lisiloweza kupita ukaguzi kwao, ambalo mwenyewe keshalichoka hata kulipeleka lirekebishwe bure, linakwenda wapi? Sina ushahidi. Nina taa.

Kijana wa jirani anayesoma chuo kikuu, Kasapa, anayejua kutumia simu yake kutafsiri maandishi, ndiye aliyenisaidia hatimaye. Aliingiza namba, akabofya, akasubiri, akanionyesha mstari mwekundu. Mfuko wa abiria. Yaani si wangu, ni wa mama watoto, yule anayekaa kushoto na kusema "enda" au "bado". Nilipompa habari hakusema neno. Alihamia kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo malori ya tindikali nayafuata mkiani, taratibu, hadi Likasi.

Ndugu msomaji mwenye gari la Japani hapa L'shi, fungua karatasi zako, tafuta namba ya chasi, mtafute kijana wa simu, akuangalizie. Usimruhusu mtu atoshe ampuli, na kama mstari ni mwekundu usimruhusu mtu agonge au kufungua mfuko huo kwa bisibisi chini ya mwembe. Kisha njoo na risiti yako, hata kama imeandikwa "katika hali yake ilivyo". Metre anasema kesi za pamoja hatuna, kila mtu na yake. Sawa. Basi tutamletea kila mtu na yake, wote kwa asubuhi moja, na foleni ianzie mlangoni kwa karani iishie kwenye uwanja wa komisionera.